'Clashes': Neno jepesi lililobeba mambo mazito

NENO la Kiingereza 'clash', ambalo aghalabu huandikwa kwa wingi kama 'clashes', ni miongoni mwa maneno yaliyozoeleka mno katika maelezo ya umwagaji damu nchini Kenya. Wanahabari hulitumia, wanasiasa hulitumia, na hata tume za uchunguzi zimelitia katika majina yao. Limezoeleka kiasi kwamba limeingia katika mazungumzo ya Kiswahili bila kubisha hodi. Katika sehemu nyingi za Bonde la Ufa na Magharibi, mtu husema 'wakati wa klashi' jinsi asemavyo 'wakati wa njaa' au 'wakati wa ukoloni', na msikilizaji hahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo, kuzoeleka kwa neno si ithibati ya usahihi wake. Chwele, mji wa soko ulio chini ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, ni mahali panapofaa kulipima neno hili. Soko la mji huo, mojawapo ya makubwa zaidi eneo la Magharibi, hukutanisha wakulima wanaoteremsha vitunguu na viazi kutoka mlimani na wafanyabiashara watokao Bungoma, Kitale na kwingineko. Wabukusu, Wasabaot na Wateso hununua na kuuziana humo.

Mara mbili katika muda usiozidi miaka 20, watu waliteremka kutoka mlimani kuelekea nyanda za chini si kwa ajili ya kuuza bali kuokoa roho zao. Mara ya kwanza ilikuwa kati ya 1991 na 1993. Mara ya pili ilikuwa kati ya 2006 na 2008. Matukio yote mawili yaliitwa 'clashes', ilhali yalitofautiana kwa chanzo, kwa wahusika na kwa uzito wake mbele ya sheria.

Asili ya neno

Kwa asili, 'clash' ni tanakali ya sauti. Ni mlio wa vitu viwili vigumu vinapogongana, kwa mfano panga kwa panga au sufuria kwa sufuria. Kutokana na maana hiyo, neno lilipanuka na kumaanisha kukabiliana kwa pande mbili, iwe ni kwa silaha, kwa maneno au kwa mawazo.

Ndiyo sababu Mwingereza hulitumia kwa mambo mengi yasiyohusiana kabisa na damu. Timu mbili za kandanda zinapokutana uwanjani, hilo ni 'clash'. Mitihani miwili ikipangwa saa moja, hiyo pia ni 'clash'. Hata rangi ya shati isipoafikiana na ya suruali, neno ni hilo hilo. Kiswahili kina maneno mbalimbali kwa hali hizo: mpambano wa timu, mgongano wa ratiba, kutooana kwa rangi.

Kasoro ya neno hili linapohusishwa na mauaji ni kwamba halina mtenda wala mtendwa. Vitu viwili vinapogongana, haulizwi ni kipi kilichoanza. Sentensi ya Kiingereza isemayo kwamba 'clashes' zilizuka na watu 10 wakafa haimweleza msomaji aliyeua, aliyeuawa, wala aliyetoa amri. Ghasia huonekana kama mvua iliyonyesha tu, isiyo na mwenyewe.

Neno 'conflict' nalo halina asili tofauti sana. Linatokana na Kilatini, na maana yake ya msingi ni kupigana pamoja au kugonganisha. Lile la 'war', ambalo kwa Kiswahili ni vita, lina asili ya kushangaza zaidi. Linatokana na neno la kale la Kijerumani lililomaanisha vurugu au mkanganyiko, na ndilo hilo hilo lililozaa 'guerre' la Wafaransa na 'guerra' la Wahispania. Wahispania waliokuwa wakiwavizia askari wa Napoleon kati ya 1808 na 1814 walisemekana kupigana 'guerrilla', yaani vita vidogo. Kwa hiyo, mtu akifuata asili pekee, maneno haya yote ni jamaa moja. Tofauti yake imeletwa na matumizi, na hasa imeletwa na sheria.

Kiswahili nacho kina mtego wake. Neno 'mapigano', ambalo ndilo tafsiri ya kawaida ya 'clashes', limejengwa juu ya kitenzi 'pigana'. Kiambishi 'an' kinaonyesha kutendana: huyu anampiga yule na yule anampiga huyu. Wanakijiji waliochomewa nyumba usiku wakakimbia mikono mitupu hawakupigana na mtu. Walipigwa. Kuita hali hiyo 'mapigano' ni kuwafanya wapiganaji bila wao kujua.

Klashi za 1991

Ghasia zilizolipatia neno hili umaarufu nchini zilianza mwishoni mwa Oktoba 1991 katika shamba la Miteitei, wilayani Nandi. Wakati huo shinikizo la kurejesha mfumo wa vyama vingi lilikuwa limepamba moto. Baada ya muda mfupi zilienea hadi Trans Nzoia na sehemu za Bungoma zilizopakana na Mlima Elgon. Nyumba zilichomwa, mifugo ikaibwa, na maelfu ya watu wakahamia makanisani, mashuleni na katika vituo vya biashara. Wabukusu na Wateso wengi waliokuwa wakiishi upande wa mlimani walifukuzwa, na Wasabaot nao walipoteza maisha na mali katika visasi vilivyofuata.

Bunge liliunda kamati iliyoongozwa na mbunge Kennedy Kiliku, ambayo iliwasilisha ripoti mnamo Septemba 1992. Baadaye, mnamo 1998, iliundwa tume ya majaji iliyoongozwa na Jaji Akilano Akiwumi. Ripoti ya tume hiyo ilikamilika 1999 lakini haikuchapishwa hadi 2002. Majina ya kamati na tume hizo yote yalikuwa na neno 'clashes', yakitanguliwa na neno la kuonyesha kwamba yalikuwa ya kikabila.

Ajabu ni kwamba yaliyomo ndani ya ripoti yalipingana na jina lililokuwa juu ya jalada. Zote mbili zilieleza jinsi wanasiasa walivyochochea ghasia, na jinsi baadhi ya maafisa wa utawala na usalama walivyozembea au kuegemea upande mmoja. Kwa maneno mengine, uchunguzi ulionyesha mashambulizi yaliyopangwa, ilhali jina lilizungumzia makabila yaliyogongana. Wakenya wengi hawakuzisoma ripoti. Jina walilisikia kila siku redioni.

Mlimani, 2006 hadi 2008

Tukio la pili lilikuwa na sura nyingine. Chanzo chake kilikuwa ardhi ya Chebyuk. Baada ya eneo la Chepkitale kutangazwa hifadhi ya wanyama mnamo 1968, jamii ya Ndorobo iliyokuwa ikiishi huko iliahidiwa makao mapya Chebyuk kuanzia 1971. Ugawaji uliendelea kwa awamu tatu, na kila awamu iliacha manung'uniko. Awamu ya tatu ilipotekelezwa, baadhi ya familia zilizokuwa zimelima kwa miaka mingi zilijikuta hazimo katika orodha ya wenye mashamba.

Kundi lililojiita Sabaot Land Defence Force, maarufu kama SLDF, lilichipuka kwa madai ya kupinga watu hao kufurushwa. Kufikia 2006 lilikuwa likishambulia vijiji. Kiongozi wake wa kijeshi alikuwa Wycliffe Matakwei Komon. Kundi hilo lilikuwa na bunduki, lilitoza watu ushuru, lilitoa hukumu zake lenyewe na kuadhibu walioshukiwa kuisaidia serikali, wengine kwa kukatwa masikio. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria mnamo 2008 kwamba lilikuwa limeua zaidi ya watu 600. Makumi ya maelfu ya wakazi walihama.

Mnamo Machi 2008 serikali ilituma jeshi katika Operesheni Okoa Maisha. Matakwei aliuawa mwezi Mei mwaka huo na nguvu za kundi zikavunjika. Lakini operesheni yenyewe iliacha malalamiko mazito. Maelfu ya wanaume walikamatwa na wengi wakapelekwa katika kambi ya Kapkota kuhojiwa. Mashirika ya haki na Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu yalikusanya ushahidi wa mateso na mauaji, madai ambayo serikali ilikanusha. Philip Alston, aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alizuru nchini Februari 2009 na kuripoti kwamba pande zote mbili, SLDF na vikosi vya usalama, zilihusika na ukatili.

Je, hayo yalikuwa 'clashes' za kikabila? Wengi wa walioshambuliwa na SLDF walikuwa Wasabaot wenyewe, na uhasama wa Chebyuk ulikuwa kati ya koo za jamii moja, Wasoi na Wandorobo. Tena, kwa upande mmoja palikuwa na kundi lenye makamanda na silaha, na kwa upande mwingine palikuwa na jeshi la taifa. Neno 'kabila' halikuwa na pa kusimama, na lile la 'mgongano' lilikuwa dogo mno.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo jina linapogeuka kuwa jambo la maisha ya watu. Sheria ya kimataifa ya vita, inayotokana na Mikataba minne ya Geneva ya 1949, haina neno 'clashes'. Inatambua mgogoro wa silaha baina ya mataifa na mgogoro wa silaha ulio ndani ya taifa moja. Nje ya hayo, inatambua ghasia na misukosuko ya ndani kama vile fujo za mitaani na vitendo vya hapa na pale, ambavyo havihesabiwi kuwa mgogoro wa silaha.

Mnamo Oktoba 1995, mahakama ya kimataifa iliyoundwa kushughulikia uhalifu wa iliyokuwa Yugoslavia ilitoa ufafanuzi ambao hutumiwa hadi leo. Katika kesi ya Duško Tadić, ilisema kwamba mgogoro wa silaha wa ndani upo pale ambapo kuna ghasia za silaha za muda mrefu kati ya serikali na makundi yenye mpangilio, au baina ya makundi hayo yenyewe. Vipimo, basi, ni viwili: ukali wa mapigano, na mpangilio wa kundi.

Vipimo hivyo vikitimia, kumtesa mfungwa au kumuua mtu asiyepigana huwa ni uhalifu wa kivita. Wajibu huo humfunga mwasi kama unavyolifunga jeshi. Visipotimia, makosa hayo hubaki kuwa mauaji au mateso chini ya sheria za nchi. Human Rights Watch ilipotoa ripoti yake ya Julai 2008 kuhusu Mlima Elgon, ilitumia waziwazi maneno 'uhalifu wa kivita' katika anwani, kwa hoja kwamba vipimo vilikuwa vimetimia. Serikali ilisisitiza kwamba ilikuwa ikipambana na genge la wahalifu.

Uzito wa tofauti hiyo unaonekana upande wa pili wa mpaka, nchini Uganda. Thomas Kwoyelo, aliyekuwa kamanda wa kundi la Lord's Resistance Army, alishtakiwa katika kitengo cha uhalifu wa kimataifa cha Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Miongoni mwa mambo yaliyohitaji kuthibitishwa ni kwamba kaskazini mwa Uganda kulikuwa na mgogoro wa silaha. Mnamo 2024 alipatikana na hatia na kufungwa miaka 40. Hakuna kesi ya uhalifu wa kivita iliyowahi kuamuliwa Kenya kuhusu Mlima Elgon.

Mlango mwingine ulijaribiwa. Shirika la Independent Medico-Legal Unit liliwasilisha kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha mnamo 2010, likidai kuwa serikali ilishindwa kuzuia na kuchunguza mateso na mauaji yaliyowapata wakazi zaidi ya 3,000 wa Mlima Elgon. Mwaka 2011 mahakama ya kwanza ilikubali kuisikiliza. Machi 2012 kitengo cha rufaa kiliitupa nje kwa sababu iliwasilishwa baada ya muda wa miezi miwili unaoruhusiwa na mkataba wa Jumuiya. Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu nayo iliruhusu uchunguzi kuhusu Kenya mnamo 2010, kwa matukio ya kuanzia Juni 2005 hadi Novemba 2009, lakini kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu tu. Muda huo uliweza kuyahusu mambo ya Mlima Elgon. Hata hivyo, kesi zilizofunguliwa zilihusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007.

Si haki kusema kwamba neno 'clashes' pekee ndilo lililofunga milango hiyo. Kuua ni kosa hata kukipewa jina gani, na mateso ni mateso. Lakini jina dogo hupunguza haraka ya kutafuta jibu. Mambo ya ujirani uliovurugika huachiwa wazee na mikutano ya amani. Mambo ya uhalifu wa kivita hudai mafaili, mashahidi na makaburi kufukuliwa. Human Rights Watch ilisema mnamo Oktoba 2011 kwamba zaidi ya watu 300 walikuwa wametoweka katika mgogoro huo bila jamaa zao kujua yaliyowapata. Familia inayomtafuta mtu aliyetoweka haiwezi kusaidiwa na neno lisilo na mtenda.

Majina ya kale

Kupunguza uzito wa vita kwa kuchagua jina si mazoea yaliyoanza na 'clashes'. Mnamo 1895, Wabukusu walipambana na majeshi ya Mwingereza chini ya C. W. Hobley katika ngome za Lumboka na Chetambe, hii ya pili ikiwa karibu na mji wa sasa wa Webuye. Katika kumbukumbu za wakoloni, huo ulikuwa msafara wa kuadhibu. Katika kumbukumbu za Wabukusu, hivyo ni vita, na ngome ya Chetambe hukumbukwa kwa wingi wa waliokufa humo.

Kati ya 1952 na 1960, serikali ya kikoloni ilipigana na Mau Mau kwa wanajeshi, ndege na kambi za kizuizini, huku ikiita jambo hilo 'hali ya hatari'. Ilichukua hadi Juni 2013 kwa serikali ya Uingereza kueleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228 walioteswa. Serikali huru ya Kenya nayo, ilipokabiliana kati ya 1963 na 1967 na waliotaka eneo la Kaskazini Mashariki lijiunge na Somalia, iliwaita wapinzani wake 'shifta', yaani majambazi wa nyikani.

Mazoea hayo hayajakoma. Mnamo Novemba 2012, zaidi ya polisi 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, na habari nyingi zikasema ni wizi wa mifugo. Mnamo Februari 2023, wanajeshi walipelekwa katika kaunti za Kaskazini mwa Bonde la Ufa kusaidia polisi, na lugha rasmi ilikuwa ya kupambana na majangili. Pengine jina hilo linafaa, pengine halifai. Jambo la busara ni kuvitazama vipimo kwanza kabla ya kulikubali.

Matumizi yanayofaa

Kwa mwandishi au mfasiri anayekutana na 'clashes' katika taarifa, hatua ya kwanza si kufungua kamusi bali ni kuuliza: nani alimfanyia nani nini? Jibu ndilo litakalochagua neno.

Upande mmoja ukivamia na mwingine ukavamiwa, neno ni shambulio au uvamizi. Watu wengi wasio na silaha wakiuawa, hayo ni mauaji. Pande mbili zenye silaha zikifyatuliana risasi, hapo 'mapigano' au 'makabiliano' yanastahili. Umati ukirusha mawe na kuchoma magurudumu barabarani, hizo ni fujo au ghasia. Kundi lenye makamanda likipigana na serikali kwa muda mrefu, huo ni uasi wa silaha, na mwandishi asiogope neno vita iwapo ukali wake unatosha. Wakazi wakiondolewa makwao, waandikwe kuwa wamefurushwa, na aliyewafurusha atajwe ikiwa anajulikana.

Kadhalika, sifa ya 'kikabila' isibandikwe kwa mazoea. Kuwepo kwa makabila mawili mahali pamoja si sababu ya vita. Sababu huwa ni shamba, kura, maji au malisho, na mara nyingi kuna mtu anayenufaika. Yanayojulikana yaandikwe, na yasiyothibitishwa yaachwe.

Ni kweli kwamba neno 'klashi' lina kazi yake njema midomoni mwa wananchi. Aliyechomewa nyumba na mtoto wa aliyeichoma huenda wakakutana Chwele wakipimiana viazi. Neno lisilomtaja yeyote huwawezesha kuzungumzia miaka hiyo bila kufufua ugomvi sokoni. Huo ni ustaarabu wa watu wanaolazimika kuishi pamoja, na hakuna mhariri mwenye haki ya kuwanyang'anya.

Lakini gazeti, tume na mahakama hazipo sokoni. Kazi yao ni kutaja. Kimya cha jirani ni stahamala. Kimya cha ripoti ni jambo jingine, kwani huwaacha waliopoteza ndugu mlimani wakisubiri jibu ambalo neno lenyewe limekwisha kulificha.